Anza na Bledi: Kuchagua Msumeno wa Mkanda kwa Karakana ya Nyumbani

Anayetafuta msumeno wa mkanda, ule ambao mafundi wengi huuita bendisoo, huuliza kwanza mambo mawili: mota ni ya HP ngapi, na bei ya mwisho ni ngapi. Ni maswali mazuri, ila yamekuja mapema. Swali la kwanza ni bledi. Magurudumu, springi, fremu nzito, vyote vipo kwa kazi moja: kushika utepe mwembamba wa chuma ukiwa umekazika na kunyooka, huku ukipita kwenye mti kwa mwendo wa karibu mita 15 kwa sekunde. Mashine ikishindwa hapo, hata mota ya HP 3 haitaisaidia. Na ikiwa urefu wa bledi yake haupatikani Nakuru wala Kisumu, wala hakuna fundi karibu wa kukuungia, mashine itasimama bledi ya kwanza itakapokatika.

Kabla ya kutoa pesa, jiulize utakata nini. Msumeno wa mkanda una kazi mbili ambazo mashine nyingine za karakana ndogo haziziwezi vizuri. Ya kwanza ni kukata mikunjo: mikono ya sofa, miguu ya viti yenye kiuno, vichwa vya vitanda. Ya pili ni kupasua mbao kwa unene, yaani kuusimamisha ubao wa sita kwa mbili kwa ubavu wake na kuutoa mbao nyembamba nne. Kwenye kupasua ndiko pesa yako inakorudi. Bledi ya unene wa milimita 0.6, meno yake yakiwa yamepindwa kushoto na kulia, hula kama milimita 1.2 za mti kila mpasuo. Msumeno wa duara wa meza hula karibu milimita 3. Ukipasua ubao wa milimita 50 mara tatu, wa mkanda unapoteza chini ya milimita 4, wa duara unapoteza 9. Hizo 9 ni ubao mzima wa kutengenezea kisanduku, umegeuka vumbi.

Kama kazi yako kubwa ni kabati za plaiwudi na MDF, mashine hii isiwe ya kwanza kununua. Shiti ya futi nane kwa nne haipiti kati ya bledi na nguzo. Nunua msumeno wa duara wa mkononi, utafute ubao ulionyooka wa kuuongoza, na pesa inayobaki uiweke.

Mti nao hubadilisha hesabu. Saiprasi na paini zinazoshuka kutoka Elburgon na Molo ni laini, lakini zina utomvu. Utomvu huganda kwenye meno na kwenye raba za magurudumu, bledi inapata joto, na inaanza kuyumba hata kama bado ni kali. Mkaratusi uliokauka ni mgumu na una mkazo ndani yake. Ukiupasua, vipande viwili ama hufunguka kama mdomo au hubana bledi katikati. Mgrevilea ni mpole kwa msumeno. Mvule ndio unaohitaji tahadhari zaidi. Ndani yake mara nyingine hukaa mawe, chokaa iliyoganda ndani ya mti ungali hai, na kwa nje huwezi kuyaona. Bledi mpya ikigonga jiwe moja hupoteza makali upande mmoja papo hapo, na kuanzia hapo kila mpasuo unakwenda kombo. Vumbi la mvule pia huwasha ngozi na kusumbua kifua, kwa hiyo barakoa si hiari. Anayepasua mvule kila wiki anahitaji bledi za akiba kuliko anavyohitaji mota kubwa.

Miti ya uani ina mawe yake. Mparachichi, mwembe au mjakaranda uliokatwa kwa pawasoo nyuma ya nyumba mara nyingi una misumari ya kamba za nguo iliyomezwa na mti miaka mingi iliyopita. Pitisha sumaku kali au kifaa cha kutafutia chuma kwenye gogo kabla ya kulipeleka mezani. Doa jeusi au la samawati kwenye mti mbichi ni dalili ya chuma kilicho karibu.

Ukubwa wa mashine hii hutajwa kwa kipenyo cha gurudumu. Ya inchi 9 au 10 inakaa juu ya benchi, inabebwa na watu wawili, na inafaa vichezeo, vijiko, na mikunjo kwenye mbao za inchi moja. Kupasua si kazi yake. Ya inchi 9 huishia kwenye kimo cha karibu milimita 90, na fremu yake haina nguvu ya kukaza bledi pana. Matangazo husema inapokea bledi ya nusu inchi. Inaipokea kweli, lakini haiwezi kuikaza inavyotakiwa. Nyingine ni shida ya mkunjo wenyewe: bledi hukunjwa na kunyooshwa kila inapozunguka gurudumu, na gurudumu likiwa dogo mkunjo ni mkali. Bledi nene kwenye gurudumu dogo hupata nyufa kwenye mabonde ya meno na kukatika kabla ya makali kuisha. Wanunuzi wa mashine ndogo hulaumu bledi, kumbe gurudumu ndilo lililoivunja.

Kwa karakana ya nyumbani inayotaka mikunjo na kupasua pia, inchi 14 ndiyo saizi ninayoipendekeza bila kusita. Zile za fremu ya chuma cha kumimina hukata kimo cha karibu milimita 150, na nyingi zina nafasi ya kuongezewa kipande cha nguzo kinachofikisha 300 hivi. Zile za fremu ya bati nene lililochomelewa kama sanduku hutoka kiwandani zikiwa na kimo cha kutosha kupasua ubao wa inchi 10 au zaidi, na huvumilia mkazo mkubwa. Inchi 14 ina faida nyingine kubwa kwetu: urefu wa bledi yake ni wa kawaida. Ya chuma cha kumimina bila nyongeza hutumia inchi 93.5, yaani milimita 2375. Ikiongezewa nguzo ni inchi 105. Za inchi 10, kila kiwanda kina urefu wake.

Urefu huo unaweza kuupata mwenyewe hata kama kibandiko kimetoka. Weka gurudumu la juu katikati ya mwendo wake wa kukaza. Pima kutoka katikati ya ekseli ya juu hadi ya chini, zidisha kwa mbili, kisha ujumlishe kipenyo cha gurudumu mara 3.14. Magurudumu ya milimita 350 yenye umbali wa 640 kati ya ekseli yanakupa 1280 na 1099, jumla 2379. Nenda na namba hiyo kwa anayeuza bledi kabla ya kulipia mashine. Uliza ana ngapi kwenye rafu leo, za upana gani, na kama anaziunga mwenyewe kutoka kwenye roli. Anayeunga kutoka kwenye roli ni rafiki wa kweli, kwa sababu hata urefu wa ajabu ataukata.

Kiungo cha bledi, pale ncha zake mbili zinapokutana, kina historia yake. Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno wa mkanda mwanzoni mwa karne ya 19, lakini kwa miaka mingi wazo lake halikufaa kitu kwa kuwa bledi zilikatika pale zilipounganishwa. Ni Mfaransa Anne Paulin Crepin aliyepata njia ya kuchomelea kiungo mwaka 1846, na mashine ikaanza kutumika kweli. Shida ya wakati ule ndiyo ya leo. Ukipewa bledi iliyoungwa, pitisha ukucha juu ya kiungo pande zote mbili. Kisiwe na uvimbe. Kisha iweke mgongo wake juu ya meza iliyonyooka. Kiungo kikiwa kimeinuka au kimezama, bledi itakuwa inagonga mbele na nyuma kila mzunguko, na utausikia mlio huo: tak, tak, tak. Irudishe.

Stima yetu ni volti 240 na hezi 50, na hili linaamua mengi kuhusu mitumba. Mashine iliyotoka Uingereza inakuja na stima ile ile na mara nyingi plagi ile ile ya pini tatu. Iliyotoka Marekani ina mota ya volti 110 hadi 120 na hezi 60. Ukiichomeka ukutani mota itaungua. Transfoma hurekebisha volti, lakini hairekebishi hezi: mota iliyokusudiwa kuzunguka mara 1725 kwa dakika itazunguka kama 1425, na bledi itapungua mwendo kwa karibu asilimia 17. Itakata, ila taratibu. Nyingi kati ya mota hizo zina waya za kubadilishia kuwa volti 230, kwa hiyo soma kibandiko cha mota kabla ya kukata tamaa au kulipia transfoma.

Kwenye ukumbi wa mauzo pia utaona mota za fezi tatu, volti 415, na bei yake huvutia. Nyumba nyingi za mitaa kama Kiamunyi kule Nakuru au Mamboleo kule Kisumu zina fezi moja tu. Gharama ya kununua mota nyingine, au kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu, iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Nguvu yenyewe: HP 1 inatosha kupasua saiprasi ya inchi 6. Kwa mkaratusi au mvule wa inchi 8 na kuendelea, tafuta HP 1.5 au 2. Mota ya HP 1.5 huvuta kama amperi 7 au 8 ikifanya kazi, kwa hiyo soketi ya amperi 13 inaibeba, lakini inapowaka huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Ekstensheni nyembamba ya mita 20 ikiwa imekunjwa kwenye roli yake haifai kabisa. Volti hushuka, mota inanguruma bila kushika mwendo, na waya unapata moto. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, ulionyooshwa wote. Mota ikinguruma bila kuzunguka hata kwenye soketi nzuri, na bledi inazunguka kwa mkono bila shida, shuku kapasita ya kuwashia. Ni spea ya bei ndogo. Wauzaji wengi huishusha mashine nzima bei kwa sababu yake, na mnunuzi anayejua hufaidika.

Swichi ni jambo ambalo kwetu halipaswi kuachwa. Stima ikipotea katikati ya mpasuo na kurudi baada ya dakika kumi, mashine yenye swichi ya kawaida ya ukutani huwaka yenyewe, huenda mtu akiwa amefungua mlango anasafisha gurudumu. Weka swichi ya sumaku inayojizima stima ikipotea na kungoja kubonyezwa tena.

Sasa mashine iko mbele yako, iwe mtumba au kazi ya jua kali. Kazi ya jua kali naiheshimu. Zipo zilizochomelewa na mafundi wa Kisumu na Nakuru ambazo fremu yake ni nzito kuliko za dukani. Udhaifu wake karibu kila mara uko kwenye magurudumu na vishikizi vya bledi, vile vinavyoizuia isiyumbe juu na chini ya meza, si kwenye fremu.

Chomoa plagi. Toa bledi. Zungusha gurudumu la juu kwa kidole na uliache lisimame lenyewe, kisha weka alama ya chaki sehemu iliyo chini. Rudia mara tano. Chaki ikirudi chini kila mara, gurudumu lina upande mzito na mashine itatetemeka. Shikilia penseli karibu na ukingo na ulizungushe tena: pengo likipanuka na kufunga zaidi ya milimita moja, gurudumu si duara kamili au ekseli imepinda. Kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi zimekwisha, lakini usikimbie kwa hilo. Nyingi ni za namba za kawaida kama 6202 na 6203, ambazo hupatikana kwenye maduka ya beringi na hata ya spea za pikipiki.

Tazama raba za magurudumu. Kwenye mashine nyingi huwa na mgongo kidogo katikati, na mgongo huo ndio unaoweka bledi mahali pake. Raba ngumu iliyopasuka inabadilishwa. Wapo wanaokata utepe wa tyubu ya baiskeli na kuunata kwa gundi. Inafanya kazi kwa muda ikiwa unene ni sawa pande zote, na ikiwa umekwepa sehemu ya vali. Uvimbe wa milimita moja tu kwenye raba unaitikisa bledi kila mzunguko.

Rudisha bledi, ikaze, na uweke rula ndefu iliyonyooka ikigusa nyuso za magurudumu yote mawili. Tofauti ndogo inaweza kurekebishwa kwa washa, pete nyembamba ya chuma, nyuma ya gurudumu. Wakati wa kukaza, macho yako yawe kwenye nguzo: fremu dhaifu utaiona ikiinama, gurudumu la juu likisogea kando. Hiyo haina dawa. Ondoka, hata kama rangi ni mpya.

Kwa ya jua kali ongeza hesabu ya puli. Gurudumu la milimita 350 lina mzingo wa mita 1.1. Ili bledi ipite mita 900 kwa dakika, gurudumu lizunguke mara 820 hivi. Mota ya 1425 yenye puli ya milimita 75, ikisukuma puli ya 130 kwenye gurudumu, inakupa hiyo. Ukikuta puli mbili za saizi moja, bledi inakwenda mita zaidi ya 1500 kwa dakika kwenye magurudumu ambayo pengine hayajasawazishwa. Ibadilishwe kabla ya kuwashwa. Kinyume chake, mashine ya kukatia chuma inafanana sana na hii lakini bledi yake hutembea chini ya mita 100 kwa dakika. Kwenye mti itakuchosha.

Pesa ya bledi tatu itoke pamoja na pesa ya mashine. Ya kwanza iwe ya nusu inchi yenye meno 3 kwa inchi, ya kupasulia. Ya pili ya robo inchi yenye meno 6, ya mikunjo. Hiyo inageuka kwenye nusu kipenyo cha milimita 16, wakati ile ya nusu inchi inahitaji kama 64. Ya tatu iwe nakala ya ile unayoitumia zaidi. Meno mengi hayamaanishi kazi safi. Ubao wa inchi 6 ukiukata kwa bledi ya meno 14, meno 84 yako ndani ya mti kwa wakati mmoja, vumbi halina pa kukaa, bledi inachemka na kuunguza mti. Upande wa pili, ubao mwembamba unahitaji angalau meno matatu ndani yake kila wakati, la sivyo jino moja litaukamata na kuuchana.

Kufunga bledi kuna utaratibu ambao ukibadilishwa huleta taabu. Vishikizi vyote, vya juu ya meza na vya chini, virudishwe nyuma kabisa kwanza. Vika magurudumu bledi, meno yakitazama chini na kwako. Kaza, ukizungusha gurudumu kwa mkono, na rekebisha kitasa cha kuinamisha gurudumu la juu mpaka bledi itulie katikati ya raba. Inua kinga ya bledi milimita 150 juu ya meza na usukume bledi kwa kidole kutoka ubavuni. Ikienda zaidi ya milimita 6 hivi, bado imelegea. Baada ya hapo ndipo vishikizi virudi: vya pembeni viache nafasi ya unene wa karatasi, vikae nyuma ya mabonde ya meno, kwa maana vikigusa meno vitayaua. Beringi ya nyuma iache kama nusu milimita. Bledi ikizunguka bila mti, beringi hiyo isizunguke.

Mpasuo ukienda kombo, wengi hukimbilia kuhamisha fensi, ule ubavu wa mezani unaouongoza ubao. Anza na makali. Bledi butu upande mmoja huvuta upande wenye makali, na fensi haiwezi kubishana nayo. Halafu mkazo, halafu kasi ya mkono wako: ukisukuma kuliko meno yanavyoweza kutoa vumbi, bledi hupinda kama upinde na ubao unatoka na tumbo katikati. Bledi ikiwa kali na imekazika, na bado inapotea kwa pembe ile ile kila mara, chora mstari sambamba na ukingo wa ubao, ukate kwa kuufuata kwa mkono hadi katikati, zima mashine bila kusogeza ubao, na uiweke fensi kwa pembe hiyo. Utomvu ukiganda, toa bledi uifute kwa mafuta ya taa na brashi ngumu, uikaushe. Hiyo peke yake huponya bledi nyingi zilizokuwa zinangojea kutupwa.

Kinga ya juu ishuke hadi karibu kugusa ubao, na vidole visipite mbele ya meno. Tumia kijiti cha kusukumia. Usivae glavu. Kipande cha mviringo kama tawi hakikatwi bila kulazwa kwenye kitako chenye mfereji wa V, kwa sababu bledi hukibiringisha na kuvuta mkono pamoja nacho. Bledi ikikatika, rudi nyuma, zima, na ungoje magurudumu yasimame kabisa kabla ya kufungua mlango.

Kisumu, hewa ya ziwa huipa meza ya chuma kutu kwa siku chache tu. Ifute na kuipaka nta ikiwa kavu. Usitumie grisi, inaingia kwenye mbao na vanishi haitashika. Ukijua hutakata kitu wiki nzima, legeza bledi ili raba zisipate vibonde. Na kuanzia Kisii hadi Kakamega, mvua ya alasiri ikianza kunguruma, plagi itoke ukutani, maana radi haisimamishwi na swichi.